Kipindi Alichozungumza Dulcie

Notisi ya kwanza ilimkuta Marina Rideout kazini, huko Fort McMurray, Alberta, mbali na kwetu kiasi kwamba yeye akiwa kwenye chai ya asubuhi sisi tunaandaa chakula cha mchana. Kazi yake ni kupanga mabasi yanayopeleka wafanyakazi kwenye migodi ya mafuta. Alikuwa na simu moja sikioni na nyingine inalia mezani barua pepe ilipoingia kutoka kampuni ya intaneti, akadhani ni bili. Haikuwa bili. Ilisema mwenye hakimiliki ya tamthilia iitwayo Nyumba za Mwambani amelalamika kwamba tamthilia yake inagawiwa watu bila ruhusa kupitia laini iliyosajiliwa kwa jina la Marina. Tarehe na saa vilitajwa. Chini yake yalifuata maneno ya mwenye mali mwenyewe, makali: acha mara moja, futa ulichonacho, la sivyo tutakutana mahakamani.

Laini hiyo haikuwa Fort McMurray. Ilikuwa huku Gannet Arm, kisiwani Newfoundland, upande wa mashariki wa nchi, nyumbani kwa baba yake. Marina ndiye aliyeiweka mwaka aliofariki mama yake, ili yeye na mzee waonane kwenye kioo cha simu kila Jumapili, na mpaka leo ndiye anayeilipia. Baba yake, Selby Rideout, alikuwa na miaka sabini na kitu, na maisha yake yote ya kazi aliendesha gari la kusukuma theluji barabarani. Mbali na Jumapili hizo, kwa kadiri Marina alivyojua, mzee huyo alitumia intaneti kwa mambo mawili: kutazama hali ya hewa na kusoma matangazo ya vifo.

Alimpigia mchana huo huo. Hakutaka kumtisha, kwa hiyo alianzia mbali, akamuuliza hali ya goti, akamuuliza kama barabara imefunguliwa, kama amepata nyama ya chumvi dukani. Kisha akamuuliza kama kuna mtu mwingine anayetumia kompyuta yake. Selby akasema hakuna. Akamuuliza kama yeye mwenyewe anachukua filamu kwenye intaneti. Selby akasema birika linachemka.

"Baba, naongea na wewe."

"Nakusikia. Mimi sijaiba kitu cha mtu."

"Sijasema umeiba. Wanaosema ni wao."

"Basi waambie waje waangalie kabatini."

Marina akacheka, hasira zikapungua, na mambo yakaishia hapo kwa siku ile. Lakini alimjua baba yake. Mtu asiye na la kuficha angeuliza hao wao ni kina nani.

Mimi ni jirani yao, nyumba ya pili ukipanda kilima. Naitwa Philomena Blagdon. Haya ninayoyasimulia mengine niliyaona kwa macho, mengine Selby aliniambia jikoni kwangu, na mengine Marina alinieleza kiangazi alipokuja. Ili yaeleweke inabidi nimtaje Dulcie.

Dulcie alikuwa mke wa Selby na rafiki yangu. Alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda cha samaki mpaka kiwanda kilipofungwa. Zamani hizo, Marina akiwa bado mtoto wa shule, walikuja watu kutoka Toronto na malori ya taa na kamera, wakakaa kiangazi kizima wakitengeneza tamthilia ya televisheni. Walitukodi karibu kijiji kizima tupitepite nyuma ya waigizaji. Mimi nilionekana mgongo tu, nimebeba ndoo. Lakini Dulcie walimpa maneno ya kusema. Walimsikia akiwafokea vijana wao waliokanyaga viazi vyake, wakapenda anavyoongea, wakamfanya mke wa mwenye duka katika kipindi kimoja. Mgeni anaingia dukani kuulizia chumba, naye anamjibu. Hakuna zaidi ya hapo. Hata hivyo alishinda jikoni akifanya mazoezi kana kwamba ataulizwa siku ya kiyama, na Selby ndiye aliyekuwa mgeni, ameshika karatasi mbali na uso kwa sababu hakutaka kuvaa miwani mbele ya watu wa Toronto waliokuwa wakipita nje.

Tamthilia ilionyeshwa msimu mmoja, haikupata watazamaji, ikaachwa. Kina Rideout waliirekodi kwenye mkanda wa video, na mashine yao ikautafuna mkanda kabla mwaka haujaisha. Hakuna aliyeona kuwa ni msiba. Dulcie mwenyewe alikuwepo, na alikuwa anazungumza kutwa.

Sasa Dulcie hayupo. Picha zake zimejaa ukutani, lakini katika nyumba ile hapakuwa na neno lake hata moja lililorekodiwa. Hata kwenye mashine ya simu, ile ya kupokea ujumbe, walikuwa wametumia sauti ya Selby. Mwanzoni Selby hakuhitaji rekodi yoyote. Alimsikia Dulcie kila alipofungua mlango, akimwambia apanguse viatu. Baadaye akawa anamsikia kwa taabu. Halafu ikaja asubuhi moja ya upepo, akapanda kwangu kichwa wazi, akaketi bila kukaribishwa.

"Phil, mpenzi," akaniambia, maana huku kwetu jirani huitwa hivyo, "sauti ya Dulcie ilikuwa nzito au nyembamba?"

Nikamwambia ilikuwa nzito kidogo, kama ya mtu aliyetoka kuamka. Mume wangu, aliyekuwa akivaa viatu kando ya jiko, akasema hapana, ilikuwa nyembamba na ya haraka. Tukabishana pale. Selby alikuwa akitutazama kwa zamu, huyu akisema anamgeukia huyu, na niliona kuwa hakuwa na upande wa kushika. Alikuwa ameishi na sauti ile ndani ya nyumba moja tangu ujana wake. Tulipoacha kubishana akanywa chai yake yote, akashukuru, akashuka.

Aliyempa tumaini ni Gus Hiscock. Gus alirudi kutoka Alberta na mgongo ulioumia, na sasa anatengeneza kompyuta za watu kwenye chumba cha chini cha nyumba ya mkewe. Selby alimpelekea kompyuta yake isafishwe, na katika mazungumzo akaitaja ile tamthilia. Gus akamwambia vitu vya namna hiyo havipotei kabisa. Kuna watu, akasema, starehe yao ni kuhifadhi vipindi ambavyo hata waliovitengeneza wamevisahau, na wanagawana kupitia intaneti. Akatafuta mbele yake, na Nyumba za Mwambani ilikuwepo, msimu mzima umefungwa pamoja kama kifurushi kimoja.

Gus alimweleza namna inavyofanya kazi. Hakuna bohari moja inakotoka. Kila mwenye nayo anatoa vipande, na wewe unayechukua, vile ulivyokwisha kupata unawapa wengine papo hapo. Kompyuta ikiwa imewashwa, unapokea na unatoa kwa pamoja, huwezi kuchagua kimoja.

"Kwa hiyo ni kama kupitisha sahani mezani," Selby akasema.

"Ndiyo hivyo, Mjomba Selby. Ila mwenye chakula hakumwalika mtu."

Selby akauliza kama huo ni wizi. Gus akajikuna shingo, akasema inategemea unamuuliza nani, na yeye kwa upande wake hajaona duka lolote linaloiuza. Selby alikwenda kulala akiliwaza jambo hilo, akarudi kesho yake, akamwambia Gus aanze.

Waliokuwa wakiigawa walikuwa wachache, na vipande viliingia tone kwa tone. Kufika mwisho wa Februari kifurushi kilikuwa kimefika asilimia tisini na nne, kikasimama. Kifurushi cha aina ile hakifunguki mpaka kikamilike. Ukijaribu kabla ya hapo mashine inakwambia kimeharibika. Vipande vilivyobaki alikuwa navyo mtu mmoja tu. Hakuwa na jina, alikuwa na namba, na kando ya namba bendera ndogo ya nchi yetu. Alikuwa akijitokeza Jumapili, watu wakishamaliza kula, anatoa kidogo, kisha anatoweka. Wiki nyingine hakutokea kabisa.

Selby alimwita Yule Bwana. Akaanza kupanga Jumapili zake kwa ajili yake. Aliacha kuja kucheza karata ukumbini, na tulipomuuliza alisema goti. Kwangu mimi alimzungumzia kama mtu anavyomzungumzia jirani aliyehamia karibuni. Pengine naye ni mzee, alisema. Pengine kompyuta yake iko kwenye chumba kisicho na joto, ndiyo maana haiwashi siku za baridi kali. Pengine naye kuna mtu anayemtazama ndani ya tamthilia ile. Nilimwambia huenda ni kijana tu mwenye mafaili mengi asiyejua hata alicho nacho. Selby hakulipenda wazo hilo, na sikulirudia.

Wakati huo notisi zilikuwa zikimfuata Marina. Kompyuta ya baba yake ilikuwa imewashwa mchana na usiku ikingoja, na huku inangoja ilikuwa inawapa wengine zile asilimia tisini na nne. Wenye tamthilia wakaona, wakaiandikia kampuni ya intaneti, nayo ikamtumia Marina. Zilikuja kwa maneno yale yale, tarehe tu ndiyo mpya. Moja ilimtaka alipe ili mambo yaishe kimyakimya. Mwenzake kazini alimwambia azifute bila kuzisoma; mwingine akamwambia anamfahamu mtu aliyeburutwa mahakamani kwa jambo kama hilo. Marina ni mtu wa kufuata taratibu, hajawahi hata kutozwa faini ya kuegesha gari, na zile barua alizisoma kila moja mpaka mwisho. Alimpigia Gus. Gus alizungukazunguka na maneno mpaka akajifanya laini ni mbaya. Mwishowe Marina akampigia baba yake, akamwambia Ijumaa anaikata intaneti.

Selby akamwomba asubiri. Marina akasema amesubiri tangu majira ya baridi. Akasema kama ni filamu anazozitaka, ataje jina tu, atamnunulia. Akasema pia, na hili lilimtoka kwa uchungu uliokuwa umekaa muda mrefu, kwamba yeye yuko huko mbali peke yake, anaamka gizani, anarudi gizani, jina lake ndilo kitu pekee alicho nacho, na mzee analichezea.

"Marina, nipe Jumapili mbili," Selby akasema.

"Za nini, baba?"

"Kuna mtu namngoja."

"Mtu gani?"

"Mama yako."

Marina aliniambia kuwa pale alidhani akili za mzee zimeanza kumwacha, na tayari alikuwa anawaza atampigia nani kati yetu aende kumtazama. Ndipo Selby alipomweleza, taratibu, akianzia kwenye mkanda uliotafunwa. Alikuwa amemficha kwa sababu ya aibu. Mtu anawezaje kumwambia mwanawe kwamba ameisahau sauti ya mama yake? Na kwa kuwa sasa jambo lilikuwa nje, akamuuliza kama yeye anaikumbuka. Marina akajibu upesi kwamba anaikumbuka, vipi asiikumbuke. Kisha akajaribu, akiwa amesimama na simu kwenye maegesho ya mabasi, na alichokipata ni mama yake akimwita aje kula, jina lake tu, kutoka mlangoni, katika upepo. Nje ya hilo, maneno ya mama yake yalikuwepo yote, mizaha yake, makaripio yake, lakini kila alipoyasikia yalikuwa yanasemwa na Marina mwenyewe.

Laini haikukatwa.

Yule Bwana hakutokea Jumapili ya kwanza, wala ya pili. Alitokea katikati ya Aprili, barafu ikiwa imeanza kuondoka ghubani, na safari hii hakutoweka. Selby alinipigia simu, nikashuka na mkate wa molasi uliokuwa bado moto. Gus alikuwa ameshafika. Marina alikuwa kwenye simu ya Selby, imeegemezwa kopo la maziwa ili aione meza yote. Tukakaa tunatazama namba zinapanda kama watu wanaofuatilia matokeo ya uchaguzi, na hakuna aliyeukata ule mkate. Selby alikuwa amenyoa ndevu. Alikuwa amevaa shati la kanisani.

Ilipofika mia, Gus akakifungua kifurushi, akatafuta kipindi chenyewe, akarusha mbele moja kwa moja mpaka dukani. Nje ya dirisha la duka nilipita mimi, mgongo na ndoo. Kengele ya mlango ikalia, mgeni akaingia, na nyuma ya kaunta Dulcie akainua uso. Alikuwa kijana kuliko binti yake alivyo sasa. Nywele alikuwa amezifunga kwa kitambaa cha kijani ambacho ni changu, hakuwahi kunirudishia. Selby akasimama. Mgeni akafungua mdomo, kikatoka Kifaransa.

Hatukuelewa mara moja. Dulcie alijibu, na midomo yake ilitamka maneno ambayo Selby aliyajua moja moja, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamke mwingine, laini, ya mjini, inayoongea Kifaransa kama mtu asiyejua upepo ni nini. Gus akasimamisha picha. Akarudi kwenye jina la kifurushi, akaweka kidole kwenye herufi mbili za mwisho ambazo hakuna kati yetu aliyezijali. Ndizo zilizoonyesha kwamba hili ni toleo la watu wa Quebec, lililobadilishwa sauti zote. Hakukuwa na lingine, akasema, alikuwa ametafuta kila mahali. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, akaomba radhi, na Selby akamwambia hakuna kosa, arudishe mwanzo tu.

Tukamtazama Dulcie tena. Alivyoinamisha kichwa akisikiliza. Alivyopangusa kaunta ambayo haikuwa na uchafu, maana hakuweza kusimama bila kazi mkononi. Kule kwenye simu Marina alikuwa ameweka kiganja mdomoni.

"Ni yeye kabisa," Selby akasema. "Kila kitu ni chake isipokuwa hicho."

Marina hakukubali yaishie pale. Alizikusanya zile notisi zote, akazisoma upya, na safari hii hakuogopa. Aliona kwamba mtu anayeilinda tamthilia kwa bidii namna ile lazima anayo kabatini, na katika lugha yake. Akawaandikia. Hakuomba msamaha na hakukana. Aliwaeleza mama yake ni nani, amevaa nini, anasimama wapi, akasema kama ni mali yenu basi niuzieni, hata hizo dakika chache peke yake. Ofisi ya kwanza iliyojibu ilikuwa imekodiwa kuwinda wanaogawa tu. Wao hawakuwa na tamthilia yenyewe, walikuwa na jina lake kwenye orodha. Baadaye mwanamke mmoja wa kampuni yenyewe aliandika kwa upole. Kampuni yao ilinunua tamthilia hiyo pamoja na nyingine nyingi kutoka kampuni iliyofilisika, na mikanda ya Kiingereza haikuwemo katika mizigo waliyopokea. Alisema alishuka mwenyewe ghalani kutafuta, kwa sababu naye amefiwa na mama. Akamalizia kwa kumkumbusha kwamba kugawa toleo lolote la tamthilia hiyo bado ni kosa.

Marina alinionyesha barua hiyo Julai alipokuja. Alikuwa hajafika nyumbani kwa muda mrefu, na Selby alikuwa amepaka rangi kibaraza, na kuta za chumba chake, na hata kibanda cha kuni ambacho hakuna mgeni anayekiangalia. Jumapili ile alipika mwenyewe, nyama ya chumvi na kabichi na viazi na mbaazi zilizopondwa, sufuria moja kama Dulcie alivyozoea, akatualika. Tulipomaliza kula akawasha kompyuta, akaipunguza sauti mpaka ikafa.

Mgeni akaingia dukani kimya. Selby, bila karatasi, akasema maneno ya mgeni.

"Mama, mna chumba?"

Akangoja midomo ya Dulcie ianze kucheza, akaenda nayo, asimtangulie wala asibaki nyuma. "Chumba kipo, ila dirisha lake halifungi vizuri. Ukizoea upepo utalala."

"Nani alikuwa analala humo?"

"Mtu aliyesema anarudi."

Kisha akamwomba Marina achukue sehemu ya mama yake. Marina hakutaka, akasema yeye si mwigizaji, lakini mzee alimwangalia tu, akakubali. Wakairudia. Selby aliuliza chumba, Marina akajibu, na alipokuwa anajibu baba yake alifumba macho. Nilishika meza. Sijui nilitarajia nini. Alipofumbua, akatikisa kichwa polepole.

"Wewe una sauti ya mama yangu mimi," akasema. "Marehemu bibi yako aliongea hivyo hivyo, kama anamwita ng'ombe."

Marina akacheka, kisha akashindwa kuacha, na mwishoni hakikuwa kicheko tena. Selby akamsogezea kitambaa cha vyombo.

Kabla hajaondoka Marina alimwomba baba yake ahamie kwake Alberta. Selby akamuuliza nani atavuna viazi. Marina hakusukuma sana. Kuhusu ile kompyuta hakumwambia chochote, wala laini hakuigusa, ikabaki kwa jina lake.

Kwa hiyo notisi ziliendelea. Selby aliiacha mashine ikiwa imewashwa kwa sababu mtu mmoja mwenye bendera ya Ubelgiji alikuwa amekwama njiani kama alivyokwama yeye, na hakupenda kumwacha mtu anangoja. Marina alizipokea mezani kwake kati ya simu za madereva, na akajikuta anazisoma kwa namna nyingine. Alitazama saa iliyoandikwa, akaigeuza kuwa saa ya kwetu. Basi saa ile nyumba ilikuwa na umeme, jiko lina moto, mzee yuko karibu na dirisha. Kutoka Jumapili hadi Jumapili hakuwa na habari nyingine ya nyumbani. Aliniambia kwamba asubuhi ambayo haikuingia notisi alifanya kazi akiwa na kitu kama njaa.

Majira ya majani kuanguka zikakoma. Mwanzoni alidhani zimechelewa. Zikapita wiki, na Jumapili Selby alionekana kwenye kioo kama kawaida, akaongea habari za hali ya hewa, na Marina akaona vibaya kuuliza. Lakini Jumatano uzito ulimzidi, akapiga simu mchana. Ikalia sana. Selby alipoipokea alikuwa anahema, ametoka kwenye viazi, na alisikika akivua buti kwa mguu mmoja.

Marina akamuuliza kama Mbelgiji amemaliza. Selby akasema alimaliza zamani. Mashine ameizima yeye mwenyewe, na Gus amekifuta kile kifurushi.

"Sikukuambia ufute, baba."

"Najua."

Akavuta kiti, Marina alikisikia. Akamweleza kwamba mwanzoni alikuwa akimtazama Dulcie kwa sauti, kila siku, kwa kuwa hata sauti ile ya mwanamke mwingine ilikuwa inatoka mdomoni mwa Dulcie. Alipoanza kuizima ilikuwa imeshaingia. Akawa anamwota Dulcie akimsemesha Kifaransa. Halafu siku moja akiwa bustanini alimsikia akimwita aje avae koti, wazi kabisa, kutoka mlangoni, na ilikuwa ni kwa sauti ya yule mwanamke.

"Sina ubaya naye," Selby akasema. "Kazi yake aliifanya vizuri. Lakini nikaona nikiendelea, hata kile kidogo kilichobaki ataondoka nacho. Afadhali nikae kimya. Huenda Dulcie akarudi mwenyewe."

"Na amerudi?"

"Bado. Kuna wakati nikiwa namenya viazi nakaribia. Nasikia ile pumzi aliyokuwa anavuta kabla hajasema kitu."

Nje ya dirisha la ofisi ya Marina theluji ya kwanza ilikuwa inaanguka juu ya mabasi. Akamuuliza viazi vya mwaka huu vimekuwaje, na Selby akaanza kumweleza, safu kwa safu, ile ya karibu na uzio iliyooza, ile ya juu iliyozaa kuliko zote, naye akasikiliza mpaka madereva wa zamu ya pili walipoanza kuingia.